Je, Wajua Kwa Nini Crown Mbili za Mwaka Mmoja Hazikubebi Sawasawa?

Chukua Toyota Crown mbili za mwaka 2009, moja Royal Saloon, nyingine Athlete. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni uleule, milimita 2,850. Zipitishe zote kwenye zile rasta zinazotangulia tuta la barabarani. Ndani ya Royal utasikia mlio tu. Ndani ya Athlete utazihesabu rasta moja moja kwa makalio.

Sehemu kubwa ya jibu imeandikwa ubavuni mwa tairi. Royal kwa kawaida ilitoka kiwandani na tairi za 215/60R16, Athlete na 225/45R18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia ya upana huo, na ndiyo inayokupa kimo cha ubavu. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 60 ya 215 ni milimita 129. Asilimia 45 ya 225 ni 101 tu. Karibu sentimita 3 za raba na upepo zimeondolewa, na nafasi yake imejazwa na chuma cha rimu, ambacho hakibonyei. Athlete imekazwa pia springi na shokapu, maana ililengwa kwa mtu anayependa kukata kona, lakini tairi ndilo linaloanza kulipokea shimo. Likishindwa kulimeza, mengine yote yanapokea masalia.

Ndiyo maana mtu anayenunua gari tulivu kisha akalivalisha rimu za inchi 19 "ili lipendeze" anakuwa ameuza kile alichokinunua. Kurudi kutoka tairi za inchi 18 hadi za 16 kunawezekana: vipenyo vyote viwili vya tairi vikikamilika vinakaribiana sana, milimita 664 kwa 660, kwa hiyo mshale wa spidi hautadanganya. Kabla ya kulipa, jaribisha rimu moja ya inchi 16 gurudumu la mbele na uizungushe kwa mkono, kwa sababu kwenye matoleo yenye breki kubwa rimu ndogo hugusa kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki.

Upepo nao ni sehemu ya springi. Fungua mlango wa dereva uangalie kibandiko kwenye nguzo ya katikati. Gari nyingi za Kijapani zimeandikwa 220 au 230 kPa, yaani kama psi 32 au 33. Kijana wa upepo akijaza 40 "kwa sababu ya safari", ubavu unakuwa mgumu kama gogo na tairi linalika katikati. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Baada ya mwendo mrefu upepo hupanda kwa psi 4 hivi, na ukiupunguza wakati huo, kesho utaamka na tairi legevu. Angalia pia umri: tarakimu nne zilizo mwishoni mwa herufi za DOT ubavuni mwa tairi zinasema wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2313 ni wiki ya 23 ya mwaka 2013, na raba ya umri huo imeshakakamaa hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Tuingie chini ya bodi. Kila gari lina mdundo wake, yaani mara ngapi kwa sekunde linapanda na kushuka likiachwa lenyewe juu ya springi. Gari tulivu linacheza mara 1 hadi 1.3 kwa sekunde. Mwili wa binadamu hauoni tabu hapo, kwa sababu kutembea kwa miguu kunatutikisa karibu mara 2 kwa sekunde tangu utotoni. Tabu inaanza mtikisiko ukifika mara 4 hadi 8 kwa sekunde: hapo tumbo na viungo vya ndani vinacheza vyenyewe, na unashuka umechoka bila kujua umechoshwa na nini.

Basi kwa nini watengenezaji wasilegeze springi zote? Tatizo ni nafasi. Ili gari lidunde mara 1 kwa sekunde, uzito wake lazima uwe umeibonyeza springi kama sentimita 25 likiwa limesimama tu. Kwa mara 1.5 zinatosha 11, na kwa mara 2 zinabaki 6. Gari la chini lenye mbwembwe halina mahali pa kuziweka hizo sentimita 25. Ulaini unataka gurudumu lenye uwanja wa kupanda na kushuka, na uwanja huo unakula nafasi ya buti na ya miguu.

Pikapu inateseka kwa sababu nyingine. Tuseme ekseli ya nyuma inabeba kilo 700 ikiwa tupu na 1,700 ikiwa imepakia. Springi zake bapa zimepangwa kwa ajili ya zile 1,700. Ikiwa na mzigo inadunda mara 1.3 kwa sekunde, ikiwa tupu inafika mara 2, na shimo dogo tu linairusha. Watu wa pikapu wanajua kwamba ukitupia magunia matatu ya saruji nyuma gari linatulia. Mdundo umeshuka, hapana uchawi.

Kulegeza kuna mpaka wake vilevile. Mdundo ukishuka chini ya mara 0.5 kwa sekunde unaingia eneo la kichefuchefu, lile la jahazi kwenye mawimbi marefu. Yale magari makubwa ya Kimarekani ya zamani yalikuwa laini kama godoro, na watoto waliyatapikia.

Waliolielewa jambo hili mapema ni Wafaransa. Mwaka 1955, kwenye maonyesho ya Paris, Citroën walionyesha DS, ambayo badala ya springi za chuma ilikuwa na matufe ya gesi ya naitrojeni yanayosukumwa na mafuta. Ukiongeza abiria gesi inaminywa na kuwa ngumu zaidi, na pampu inalirudisha gari kwenye kimo chake, kwa hiyo haliwi gumu likiwa tupu wala halilali likijaa. Gesi hiyo huvuja polepole kwa miaka, na DS yenye matufe yaliyokwisha inapanda kama mkokoteni. Peugeot walikwenda njia rahisi zaidi: springi za kawaida, ndefu na legevu, na siti zenye kina. Ndiyo 504 ya mwaka 1968, ile Pijo iliyounganishwa hadi Kenya na kubeba abiria wa masafa marefu. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na ikashinda tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas, safari hiyo ikiwa ya V6. Kwenye barabara mbovu gurudumu lenye uwanja mrefu hubaki ardhini, na gurudumu lililo ardhini ndilo linaloshika njia, kwa hiyo ulaini haukuinyima gari hiyo mwendo.

Springi inaweka tu nguvu na kuirudisha. Anayeituliza ni shokapu, bomba la mafuta lenye pistoni ya matundu madogo. Mafuta yakilazimishwa kupita kwenye matundu, mtikisiko unageuka joto. Shokapu iliyokufa inachanganya watu, kwa sababu mwanzoni gari linahisi laini zaidi. Subiri tuta: linapanda, linashuka, linapanda tena, kisha linagonga raba ya kikomo. Kubonyeza bodi kwa mikono pale gereji kunaonyesha shokapu iliyokufa kabisa tu. Kipimo kizuri ni kupita tuta moja kwa kilomita 20 kwa saa na kuhesabu. Gari lenye shokapu nzima linadunda mara moja na kutulia, na likifika mara ya tatu kuna kazi. Pitisha kiganja kwenye uso wa tairi pia. Ukikuta mabonde na vilima kila baada ya sentimita chache, gurudumu limekuwa likirukaruka. Unyevu kidogo wa mafuta karibu na sili ni wa kawaida, lakini bomba lililolowa hadi chini na kushika vumbi limekwisha. Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, na hapohapo badilisha raba ya juu ya shokapu na raba ya kikomo, maana gharama ya kufungua ni ileile.

Kuna kosa moja ambalo gereji nyingi hulifanya, na linaua bushi mpya, zile raba za viungo vya miguu ya gari, ndani ya miezi michache. Fundi anainua gari kwa jeki, miguu inaning'inia, anapachika bushi na kukaza bolti palepale. Bushi ya raba haizunguki kwenye bolti kama bearingi. Inajipinda. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, umeifunga ikiwa imenyooka kwa mkao huo. Gari likishuka chini inabaki imesokotwa siku nzima, ngumu, hadi inachanika. Bolti zishikizwe tu, gari lishushwe au gurudumu liinuliwe kwa jeki ya pili hadi kimo chake cha kawaida, ndipo zikazwe. Msimamie fundi hadi alifanye hilo, hata akinuna.

Kosa jingine linafanywa kwa hiari: kunyanyua gari. Raba zinazochomekwa katikati ya mizunguko ya springi zinazuia baadhi ya mizunguko isifanye kazi, na springi yenye mizunguko michache ni ngumu zaidi. Umepata sentimita mbili tatu za kuvukia tuta, ukapoteza ulaini kwenye kila mita ya barabara. Spesa, yaani kipande cha kuongezea kimo, inayokaa kati ya springi na kikalio chake haiongezi ugumu, lakini inaiacha shokapu imeshanyooka gari likiwa limesimama, hivyo gurudumu likidondokea shimoni inafika mwisho na kugonga "ta!". Spesa ya juu kabisa, kati ya bodi na mguu wote wa springi na shokapu, ndiyo yenye madhara machache, ila isizidi sentimita 3, vinginevyo CV jointi na boljointi, viungo vya gurudumu, zinafanya kazi zikiwa zimepinda. Baada ya kuifunga, peleka gari alaimenti, kunyoosha magurudumu.

Mahali unapokaa nako kuna neno. Siti ya mwisho ya Coaster inarusha kwa sababu iko nyuma ya ekseli: gurudumu likipanda sentimita 10, mkia wa gari unapanda zaidi, kama ncha ya mti wa bembea. Siti tulivu kuliko zote iko katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwenye gari fupi kama Vitz ya kizazi cha pili, yenye milimita 2,460 kati ya ekseli, abiria wa nyuma anakaa karibu juu ya gurudumu lenyewe. Ukimbeba mzazi mwenye mgongo mbovu, mpe siti ya mbele.

Kwenye vumbi lenye mawimbi madogomadogo, dereva hugundua kwamba kilomita 30 kwa saa inaumiza kuliko 60. Mawimbi yakiachana sentimita 75, kwa mwendo wa 30 gurudumu linapigwa kama mara 11 kwa sekunde, na hapo ndipo gurudumu na ekseli yake hupenda kurukaruka vyenyewe. Kwa 60 mapigo yanakuwa mara mbili, gurudumu halina muda wa kushuka kila bonde, na bodi inatulia. Utulivu huo unadanganya: tairi linagusa vilele tu, na breki na usukani vinapungua nguvu. Kama kuna kona mbele, vumilia mtikisiko.

Mwenye hamu ya Celsior, Crown Majesta au Discovery 3 aulize kwanza kama ina springi za upepo. Zikiwa nzima hakuna kinachozifikia. Zikizeeka, mfuko wa raba unachanika kwenye mikunjo, upepo unavuja, na kikompresa, pampu ya upepo, kinafanya kazi bila kupumzika hadi kinaungua, ndiyo maana bili inakuja mara mbili. Liegeshe usiku pahala tambarare, pima kwa rula toka ukingo wa bodi hadi katikati ya gurudumu, na upime tena asubuhi. Kona iliyoshuka ina mfuko unaovuja. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mikunjo utaona mapovu. Walionunua bila kupima huishia kufunga springi za chuma, na gari la kifahari linapanda kama teksi.

Kwa barabara zetu na bajeti ya kawaida, tungechukua Royal Saloon ya springi za chuma kuliko SUV yoyote ya chesisi kwa bei hiyohiyo. Prado inavuka pabaya zaidi, hilo halina ubishi, lakini ekseli yake ya nyuma ni chuma kimoja kizito kinachounganisha magurudumu mawili, na shimo la kushoto linamfikia aliyekaa kulia. Royal inalia chini kwenye matuta marefu, kwa hiyo mwenye njia ya makorongo kila siku hana budi kuchukua Prado na kuuzoea mtikisiko. Siku ya kujaribu gari lolote zima redio, zima kiyoyozi, fungua vioo, na utafute barabara mbovu. Muuzaji atakuvuta kwenye lami mpya.