Homa imeshuka, lakini usikimbilie uwanjani

Kijana wa mpira akija kwangu na mafua makali, anataka kujua kitu kimoja tu: Ijumaa atacheza au hatocheza. Homa ikishashuka na hamu ya kula ikirudi, keshajihesabu mzima. Na hapa Unguja bado ipo imani kwamba mabaki ya maradhi hutolewa kwa jasho. Wengine hujifukiza, wengine hukimbia ufukweni alasiri mpaka fulana ikalowa. Kujifukiza sigombani nako, maadamu hujiunguzi. Hilo la kukimbia ndilo lililonikalisha kuandika, kwa ajili ya moyo.

Mimi ni daktari wa moyo. Wanaonijia mimi ni wale wa wiki mbili au tatu baadaye: homa wameshaisahau, kikohozi kimebaki kidogo, ila zile ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe walizokuwa wakizipanda bila ya kufikiri, sasa zinawakalisha katikati.

Virusi vingi vinaweza kuugusa moyo: vya mafua, vya korona, vya dengi, na vile vya jamii ya Coxsackie ambavyo watoto huambukizana sana. Vyengine huingia vyenyewe ndani ya msuli wa moyo. Mara nyengine kinga ya mwili, katika kuvisaka, huuumiza na msuli. Msuli ukivimba kwa namna hiyo tunaita mayokaditisi. Kusukuma damu kunapungua, na umeme unaoongoza mapigo nao unapita ovyo. Mtu akiwa amelala kitandani huenda asihisi lolote. Akikimbia, adrenalini, ile homoni inayouchochea moyo, ikapanda, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla akaanguka. Miaka mingi iliyopita watafiti waliwatia panya virusi vya Coxsackie B3 kisha wakawaogelesha. Virusi vikazidi sana ndani ya mioyo yao kuliko ya panya waliopumzishwa. Binadamu si panya, najua, lakini sijaona sababu ya kumjaribia mtoto wa mwenzangu.

Wala nisikutie hofu bure. Wengi wanaougua mafua au korona hupona na moyo wao uko salama. Mayokaditisi ni nadra, na huwapata zaidi vijana wa kiume. Chanjo za korona za aina ya mRNA nazo ziliileta kwa watu wachache, wengi wao vijana hao hao na wengi kwa wepesi. Kwa jumla, korona yenyewe huileta zaidi. Nimelitaja kwa sababu nisipolitaja nitaulizwa.

Kwa watu wazima wenye presha, sukari au mafuta kwenye mishipa, ninachokiogopa zaidi ni shambulio la moyo. Mafuta yaliyoganda kwenye ukuta wa mshipa yanaweza kukaa kimya miaka. Inapokuja homa kali, mwili mzima huwaka, moyo huenda mbio, damu huganda kwa urahisi, na yale mafuta yanaweza kupasuka. Damu ikiganda pale, njia imezibwa. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Ontario, Kanada, uliofuata watu waliothibitishwa kwa kipimo kuwa na mafua. Katika siku 7 za mwanzo baada ya kipimo, kulazwa kwa shambulio la moyo kulikuwa mara 6 kuliko nyakati nyengine za watu hao hao. Kwa korona, utafiti mkubwa wa maveterani wa jeshi la Marekani, uliochapishwa 2022, uliona hatari ya maradhi ya moyo imepanda kwa muda wa mwaka mzima, hata kwa waliougulia nyumbani. Wengi wa maveterani hao walikuwa wanaume wa makamo na wazee, kwa hiyo sichukui namba zao nikazibandika kwa dada wa miaka 25 anayelima mwani Paje. Kwa baba yake mwenye presha, nazizingatia.

Na baba huyo ana jambo jengine. Akiumwa huacha vidonge vya presha, kwa kuwa "sili, vitaniumiza tumbo". Homa inaisha, vidonge vinabaki kwenye kabati. Kama huwezi kula au unatapika na kuharisha, muulize daktari ni dawa ipi ya kusimamisha na irudi lini. Usiamue peke yako.

Halafu sindano ya diklofenaki. Watu wanaipenda kwa sababu inakata maumivu upesi, na ukienda kulalamika viungo vinauma utaondoka umechomwa. Inapandisha presha, inashika maji mwilini, na inazidisha hatari ya shambulio la moyo. Kwenye dengi inaweza kuzidisha kutoka damu. Malaria imepungua mno Zanzibar ukilinganisha na zamani, kwa hiyo homa nyingi tunazougua ni za virusi, na mpaka ijulikane kama si dengi, parasetamoli kwa kipimo chake inatosha. Dengi ina kioja chake pia: wakati wa kupona mapigo huweza kushuka, yakaenda polepole kuliko kawaida. Mara nyingi hurudi yenyewe. Ukizunguzika nayo au ukazimia, hiyo si ya kungojea.

Wapo pia ambao moyo wao, kwa vipimo, hauna kasoro, lakini wakisimama tu unadunda. Nawauliza: ukiinuka kutoka sijda inakuwaje? Jibu huja haraka: macho yanaingia giza, moyo unakwenda mbio, wengine wamehamia kuswali kwenye kiti. Mgonjwa wa namna hiyo namlaza, natulia naye kama dakika 5, nahesabu mapigo. Kisha namsimamisha bila kuegemea ukuta, nahesabu tena na tena mpaka dakika 10, na presha napima pia. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na yakabaki huko, ilhali presha haikushuka, nimeshapata fununu ya hali iitwayo POTS, yaani moyo kwenda mbio kila mtu akisimama. Baada ya korona hali hii tunaiona. Inachosha na kukera, lakini kwa kawaida haiui. Maji ya kutosha, kuinuka kwa hatua, na mazoezi ya kuketi au kulala kwanza husaidia. Chumvi huongezwa kwa ushauri wa daktari tu, maana mwenye presha akisikia habari hii nusu nusu atajimaliza.

Sasa mpira. Ukiwa na homa au mwili mzima unauma, hakuna mazoezi, hata ya "kidogo tu". Homa ikiisha, anza kwa kutembea siku kadhaa, halafu mbio nyepesi, na mechi iwe ya mwisho. Kila hatua jisikilize. Ikigundulika mayokaditisi, mapumziko ya mazoezi makali huwa miezi 3 hadi 6, kisha tunapima upya kabla ya ruhusa. Makocha hawanipendi kwa hilo.

Kifua kikibana au kuuma, ukazimia hasa ukiwa mbioni, pumzi ikakukatika ukilala chali, au moyo ukaenda ovyo bila kutulia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Miguu nayo itazame: bonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, uachie. Shimo likibaki, maji yanajikusanya. Aliye Pemba asingoje boti ya kesho. Aanzie Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee pale Mkoani. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na kipimo cha damu cha troponini, kinachoonesha kama msuli wa moyo umeumia, hutupa mwanzo, eko ya moyo, yaani picha ya ultrasaundi, hutuonesha msuli unavyosukuma, na anayehitaji kuzibuliwa mshipa anaweza kupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Ukifika, itaje ile homa hata kama hukuulizwa. Kijana anayesema "kifua kinauma" tu anaweza kurudishwa nyumbani na dawa ya asidi ya tumbo. Mwambie daktari ilianza lini, ilichukua siku ngapi, ulipimwa nini, na ulichomwa sindano gani dukani.