Uwanja wa kata utengwe kwenye mchoro, kabla viwanja vya makazi havijagawiwa

Sensa ya 2012 ilikuta Dodoma mjini watu 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Mji ukikua hivyo, mazungumzo yote huelekea kwenye uwanja mkubwa wa mechi za kimataifa. Mimi nauwekea uzito zaidi uwanja wa kata, ule ambao mtoto wa Nala au Ihumwa anaufikia kwa miguu akitoka shule.

Viwanja hivi huanza kufa kwenye mchoro. Mpimaji anamaliza makazi kwanza, kisha kipande kilichobaki, chenye pembe tatu au kilichokatwa na korongo, kinaandikwa "eneo la wazi". Ukubwa unaweza kutosha na bado mpira usichezeke, kwa sababu umbo limekataa.

Tenga mstatili wa mita 130 kwa 100, yaani ekari tatu na kidogo. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 ukiongezewa mita 3 kila pembeni unachukua upana wa 74. Zinabaki mita 26. Netiboli ni 30.5 kwa 15.25, na pamoja na nafasi ya usalama inafika 36.6 kwa 21.35, kwa hiyo inaingia. Mbele yake ukae uwanja wa kikapu, 28 kwa 15, halafu vyoo, tenki na kivuli. Netiboli iwe karibu na lango na njia yenye taa. Ikifichwa nyuma, wasichana hawaji jioni.

Urefu uelekee kaskazini na kusini. Mechi zetu ni za saa kumi jioni, na uwanja uliolazwa mashariki na magharibi humwacha kipa mmoja akipigwa jua la machoni kipindi kizima.

Kabla ya kusawazisha, pima udongo. Chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji, yaishe, jaza tena. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, uko kwenye udongo mzito, na sehemu za mbuga Dodoma ziko hivyo: masika tope, kiangazi nyufa zinazovunja vifundo. Hapo inua mgongo wa uwanja katikati kwa mteremko wa asilimia 1. Kutoka katikati hadi mstari wa pembeni ni mita 34, kwa hiyo mgongo unakuwa juu kwa sentimita 34. Maji yapokelewe na mtaro nje ya eneo la usalama; mtaro wa zege uliogusana na mstari ni mtego wa miguu.

Sasa nyasi, ambako bajeti nyingi hudanganya. Kiangazi cha Dodoma ni takriban Mei hadi Novemba. Ukoka ukipewa milimita 5 za maji kwa siku, mita za mraba 7,140 zinadai lita 35,700, karibu maboza manne ya lita 10,000, kila siku. Kama halmashauri haina kisima chenye uwezo huo, basi isiahidi kijani mwaka mzima. Uwanja wa udongo uliochekechwa mawe, ukasawazishwa kila baada ya mvua, unafaa kuliko nyasi zilizokufa mwezi Agosti zikaacha mashimo golini. Nyasi bandia nazo hazihitaji maji hayo, lakini saa saba mchana huunguza miguu, na baada ya miaka kama kumi kapeti lote hubadilishwa. Fungu hilo litengwe tangu mwaka wa kwanza.

Mazoezi yachezwe kwa upana, kwa magoli ya kuhamishika, ili eneo la kipa lipumzike. Magoli hayo yafungwe chini kwa nanga kila yanapowekwa. Goli la chuma la mita 7.32 likimwangukia mtoto anayening'inia linaua.

Kisha hati. Iwe kwa jina la halmashauri, yenye matumizi ya michezo, na mawe ya mpaka yasimikwe kabla kiwanja cha kwanza cha jirani hakijauzwa. Bila hivyo zitatangulia gereji na vibanda, na kuvihamisha ni kesi ya miaka.