Mwenye picha kwenye bango si mwenye wakfu

Siku moja ya soko, mama anayeuza mukene, wale dagaa wa ziwani, karibu na lango la soko la Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, ile pikipiki ya wakfu wenu mmeiuza?"

Nikamwambia, mama, mimi nitauzaje pikipiki isiyo yangu? Akacheka. "Si nyinyi ndio wakubwa? Nimekuona na fulana yao."

Fulana nilikuwa nayo kweli. Huu ni mwaka wangu wa nne nikiwa katibu wa bodi ya wakfu mdogo wa afya huku mpakani. Kazi yenyewe ni kuandika nani alisema nini, kisha kumsaka mwenyekiti atie sahihi. Hiyo pikipiki sijawahi hata kuipanda. Lakini swali la yule mama nimelisikia kwa sura nyingi, matangani, ndani ya teksi ya Tororo, na kwa jamaa zangu wanaoamini kuna kitu ninawaficha. Sehemu ya lawama ni yetu. Vikao vyetu huenda kwa Kiswahili, Lusamia na Luganda vikichanganyika, halafu karatasi zote zinatoka kwa Kiingereza. Asiyezisoma anabaki na anachokiona kwa macho: gari, bango, na uso uliochapwa kwenye bango. Hapo ndipo zinapozaliwa dhana kuhusu nani anaongoza wakfu kama wetu, nami nitazijibu moja moja.

"Aliyeanzisha ndiye mwenye mali"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Hapa Uganda taasisi nyingi za aina hii huandikishwa kama kampuni zisizo na hisa, au chini ya wadhamini. Kama hakuna hisa, hakuna faida ya kugawana mwisho wa mwaka, na mwanzilishi hawezi kumwachia mwanawe gari la wagonjwa kama anavyomwachia shamba la mihogo. Juu kabisa inakaa bodi, na bodi ndiyo inayomwajiri mkurugenzi mtendaji. Mkurugenzi ni mwajiriwa: ana mkataba, ana mshahara, na anaweza kufukuzwa.

Najua utaniambia umeona mwanzilishi ambaye pia ni mwenyekiti, mkewe mweka hazina, na shemeji yake ndiye dereva. Nami nimeona. Sheria haikatazi watu wa nyumba moja kupendana. Ila ukikuta hundi inatoka kwa sahihi za mume na mke peke yao, hapo jina la wakfu limevikwa duka la familia, na wafadhili wenye akili huliona hilo ukurasa wa kwanza wa hesabu.

"Kiongozi wa mambo ya afya lazima awe daktari"

Noerine Kaleeba hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, mkuu wa shule ya fani hiyo pale hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1986 mumewe Christopher, aliyekuwa masomoni Uingereza, aliugua, ikabainika ni UKIMWI. Virusi alikuwa amevipata kwenye damu aliyoongezewa hospitalini miaka michache kabla. Noerine alimfuata huko, akaona wauguzi wakimshika mumewe kama binadamu mwingine yeyote. Waliporudi nyumbani akaona jinsi watu walivyojitenga nao. Christopher alifariki Januari 1987. Mwaka huohuo Noerine na wenzake wachache waliokuwa wakikutana kufarijiana wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wanaoishi na UKIMWI.

Ukitazama kundi lile kwa macho ya leo, hakuna mfadhili ambaye angelikubali kama bodi. Wengi wao walikuwa wenyewe na virusi na hawakuishi muda mrefu. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo nchini. Walichokuwa nacho ni ujuzi ambao hakuna chuo kilichoufundisha wakati ule: walijua mgonjwa anaogopa nini saa nane za usiku, walijua jirani anasema nini, walijua kwa nini mtu anakataa kupimwa. Neno la kuishi kwa matumaini, ambalo sasa tunalisema kama salamu, watu wale walilisema wakati matumaini yenyewe hayakuwa na kidonge.

Kaleeba aliongoza mpaka katikati ya miaka ya 1990, kisha akaenda kufanya kazi na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI. Akaja Sophia Mukasa Monico. Mwaka 2001 akaja Dkt. Alex Coutinho, na huyo alikuwa daktari kweli, tena alifika wakati mwafaka, kwa sababu kazi ilikuwa inageuka kutoka kufariji wagonjwa kwenda kuwapa dawa. Kwa hiyo daktari anafaa. Anafaa anapohitajika, kama fundi bomba. Kwenye bodi yetu tuna mkunga mstaafu, mwalimu, dereva wa malori aliyeacha barabara, na mhasibu mmoja. Anayeogopwa kuliko wote ni mhasibu.

"Mzungu akiondoka, kwisha"

Twende Gulu, kaskazini mwa Uganda. Hospitali ya St. Mary's Lacor ilianzishwa na wamisionari Wakatoliki wa shirika la Wakomboni mwaka 1959. Daktari Mwitaliano Piero Corti alifika 1961, pamoja na Lucille Teasdale, daktari mpasuaji kutoka Kanada, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Lucille aliambukizwa virusi vya UKIMWI akiwafanyia upasuaji majeruhi wa vita, akafariki 1996. Piero akafariki 2003. Kwa hesabu ya watu wa vijiweni, Lacor ingekuwa magofu leo.

Hapa kuna jambo ambalo hata wasomi hulichanganya. Wakfu wa Corti, ulioanzishwa 1993, makao yake ni Milan, na kwa miaka mingi umeongozwa na binti yao, Dominique. Kazi yake ni kutafuta pesa na kusaidia. Hospitali yenyewe ni ya Kanisa Katoliki la Gulu, ina bodi yake na madaktari wake Waganda, na imeongozwa na watu kama Dkt. Cyprian Opira. Mwenye mfuko yuko Italia, anayeamua nani afanyiwe upasuaji asubuhi yuko Gulu. Vyombo hivi viwili vina viongozi wawili, na kila upande unajua mpaka wake.

Tena kabla hata Piero hajafariki, walishamwandaa mtu. Dkt. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Lacor, alikuwa Kampala masomoni Oktoba 2000 wenzake walipompigia simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Akarudi, akapekua majalada usiku, akashuku Ebola na kupeleka taarifa kabla maabara haijathibitisha. Mlipuko ule uliua watu 224, wakiwamo wahudumu wa hospitali hiyo. Wafanyakazi walipofikia kukata tamaa, aliwaita akazungumza nao, na yeye akarudi wodini. Alifariki kwa Ebola hiyohiyo tarehe 5 Desemba 2000. Kaburi lake liko pale hospitalini, karibu na la Lucille.

Nikisoma habari zake huwa najiuliza swali lisilo la heshima sana: je, kiongozi alipaswa kuwa wodini? Bodi ya leo ingesema hapana, mkurugenzi abaki ofisini, tusimpoteze. Sijui kama wauguzi wangebaki. Lakini hospitali haikufungwa. Madaktari aliofanya nao kazi ndio walioiendesha baada yake, wala hapakuwa na haja ya kuagiza mtu ng'ambo.

"Kazi yao ni kugawa vyandarua na kupigwa picha"

Picha zipo, sikatai. Nyingine tumepiga sisi. Ila kazi nzito zaidi ya viongozi hawa haina picha nzuri, kwa sababu hufanyika kwenye viti vya plastiki nje ya ofisi za serikali.

Dkt. Anne Merriman, aliyezaliwa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Wagonjwa wa saratani walikuwa wanakufa wakilia kwa maumivu. Dawa aliyoitegemea haikuwa ghali: unga wa mofini ukichanganywa na maji, mgonjwa akainywa nyumbani kwake, ikatiwa rangi ili nyepesi isichanganywe na kali. Shida ilikuwa kwingine. Mofini inaogopwa, na aliyeruhusiwa kuiandika ni daktari, na daktari kijijini hayupo. Ilichukua miaka ya kuingia na kutoka wizarani hadi mwaka 2004 kanuni zilipobadilishwa, wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, wakaruhusiwa kuiandika. Mgonjwa wa Hoima anayelala usiku bila kupiga kelele hajui lolote kuhusu vikao vile. Merriman alifariki Kampala mwaka 2025, na hospisi yake bado inafanya kazi Makindye.

Mshahara

Hapa dhana ziko mbili na zinapigana. Wengine wanadhani viongozi wanajitolea bure, wengine wanadhani wanaogelea kwenye dola. Wajumbe wa bodi kwa kawaida hawana mshahara. Hupewa nauli, pengine posho ya kikao, na kwetu sisi soda na chapati mbili. Mkurugenzi na wafanyakazi hulipwa, na walipwe. Anayefanya kazi bure kweli ni mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa VHT (timu ya afya ya kijiji), anayetembea nyumba kwa nyumba tangu mpango huo uanze 2001, na ndiye asiyetajwa mtu anapouliza nani anaongoza. Nikimtazama yule wa kijiji chetu, namwona kiongozi kuliko mimi mwenye fulana.

"Wakiwa na pesa zao, wanafanya wanavyotaka"

Hapana. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016 inataka kibali, na kibali hakizidi miaka mitano. Inataka pia wilaya ikubali, na mkataba wa maelewano utiwe sahihi na serikali ya eneo mnalofanyia kazi. Mwaka 2019 serikali ilipohakiki orodha ya mashirika zaidi ya 14,000, yaliyofaulu yalikuwa elfu chache tu. Tangu 2024 ofisi iliyosimamia haya imeingizwa moja kwa moja ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukiona shirika linatibu watu na afisa wa afya wa wilaya hana habari nalo, uliza.

Hata pesa si zao. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wengi walisema sasa tutajua nani alikuwa mkubwa wa kweli. Kuna ukweli kidogo hapo, na unauma. Zilikuwapo taasisi zilizofunga milango ndani ya wiki chache, na zilikuwapo nyingine ambazo bodi zake ziliketi usiku kupanga kipi kibaki: dawa kwanza, mafuta ya gari baadaye, semina zife. Sisi hatukuwa na mfadhili mkubwa wa kupoteza, lakini wagonjwa waliopoteza kliniki zao walikuja kwetu, na kikao kile kilikwisha saa nne usiku. Mkunga wetu ndiye aliyesema kwamba kipimo cha presha cha wajawazito hakiguswi hata tukilala njaa. Hakuna aliyebishana naye.

Sasa turudi kwa yule mama wa mukene. Nilimwambia kwamba mkutano mkuu wa wakfu uko wazi, aje aulize mwenyewe. Sikudhani atakuja. Alikuja, kanga begani, akakaa mbele kabisa karibu na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, akasubiri ripoti ya hesabu isomwe yote kwa Kiingereza, kisha akainua mkono. Akaomba isomwe tena kwa Kiswahili. Mhasibu akaisoma, akikwama kwama. Ilipofika kwenye vyombo vya usafiri, mama akauliza swali lake.

Kwenye kumbukumbu za siku ile, nilizoziandika kwa lugha zote mbili kwa mara ya kwanza, kifungu cha 7 kinasema: "Pikipiki iko wapi? Mkurugenzi ameeleza iko gereji tangu Februari. Mjumbe hakuridhika. Risiti ya gereji iletwe kikao kijacho."