Hicho Si Kitunguu Pori, Msikile

Mvua za masika zikishika tu, napokea picha kutoka Malindi, Gede na Watamu: majani mabichi, tunguu limefukuliwa, na swali lilelile: "Mtaalamu, hiki kitunguu pori si kinaliwa?" Hakiliwi. Kirudisheni ardhini, mnawe mikono.

Jenasi ya Allium, yaani ukoo wa vitunguu na vitunguu saumu, ina spishi zaidi ya 900, na karibu zote ni za nchi za kaskazini. Nyingi huota zenyewe kwenye milima ya Asia ya Kati na Uturuki, si vichakani kwetu. Mnachochimba huku aghalabu ni mimea mingine yenye tunguu: Drimia, Crinum au Scadoxus. Drimia ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na utomvu wake unawasha. Crinum ina likorini, inayotapisha. Msitegemee kuchemsha.

Harufu kwanza. Ponda jani bichi: lisiponukia kitunguu, si kitunguu. Ila vidole viwe safi. Aliyetoka kumenya kitunguu saumu atainusa harufu hiyo kwenye kila jani atakaloshika.

Sasa hili la mwavuli, linaloniudhi kila msimu. "Lakini maua yake yamekaa kama mwavuli!" Ndiyo, na ya kitunguu hukaa hivyo. Ya Scadoxus pia, mekundu, yamejaa kichwa kizima. Na ya Crinum vilevile. Mwavuli unaiondoa kwenye orodha Drimia peke yake, ambayo maua yake yamejipanga kuanzia katikati ya kikonyo hadi ncha. Kwa hizo nyingine, chuma ua moja ulipasue kwa ukucha, taratibu, kutoka juu hadi kwenye kijiti chake. Tafuta ovari, sehemu inayogeuka kuwa tunda. Ya kitunguu imo ndani ya ua, kifundo cha kijani chenye pande tatu, na petali zinaanzia chini yake. Ya Crinum na Scadoxus iko nje, chini ya petali, kama uvimbe juu ya kijiti. Ukiuona uvimbe huo, hata mtu akuapie vipi, usile.

Bila ua? Hapo hata mimi nakwama. Majani machanga ya Drimia na ya Ledebouria, mmea mwingine wa tunguu, hunisumbua nikiwa nimeyashika mkononi, sembuse pichani, na anayedai kuyatambua kwa simu simwamini. Lipandeni tunguu kwenye chungu mpaka lichanue.

Na kama mtoto ameshalitafuna, usinitumie picha. Mkimbize hospitali, na mmea uubebe mzima, majani na tunguu lake.