Nyumba ya chuma kuliwa na kutu mapema: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nyumba ya mama yangu iko Kigamboni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka baharini. Ni nyumba ya fremu ya chuma: nguzo za paipu za mraba, kuta za bodi za saruji, juu mabati ya rangi. Fundi alituahidi kuwa mwezi hautaisha tutakuwa tumehamia, kwa gharama ndogo kuliko ya tofali, na kweli tulihamia. Mwaka wa nne, nikifagia baraza, nikaona rangi ya nguzo ya kona imevimba pale chini kama lengelenge la moto. Nikaigusa kwa bisibisi. Bisibisi ikazama. Nilipoichomoa yakafuata maji ya rangi ya chai na unga mwekundu. Nguzo iliyobeba paa juu ya kichwa cha mama yangu ilikuwa imebaki ngozi ya rangi.

Tangu siku ile nimekaa na mafundi wa kuchomelea, wauza vyuma na majirani waliojenga kama sisi, na kauli ninazozisikia ni zile zile tulizoambiwa sisi. Nyingi si kweli.

“Chuma ni cha maisha, mbao ndiyo huoza”

Chuma hutengenezwa kwa kuyanyang'anya mawe ya madini oksijeni yake. Kikikutana tena na maji na hewa, kinarudi kilikotoka, na huko kurudi ndiko tunakokuita kutu. Kila chuma kisicho na kinga kitashika kutu. La kujiuliza ni kasi yake, na chuma chako kina unene kiasi gani wa kuliwa.

Hili la unene ndilo lililotuponza. Kutu hung'ata kina kile kile, iwe ni pande la reli au paipu ya dirisha. Nguzo za Beit al-Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, zilikuwa za chuma cha kusubu, nene na nzito. Zilitazamana na bahari kwa zaidi ya miaka 130 kabla sehemu ya jengo kuporomoka Desemba 2020. Nguzo ya mama yangu ilikuwa na ukuta wa milimita 1.2. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 9223, chuma cha kawaida kisicho na kinga, kikiwa kwenye hewa kali ya ufukweni, hupoteza mikroni 80 hadi 200 katika mwaka wa kwanza peke yake, na mikroni 1000 ni milimita moja. Baada ya hapo kasi hupungua, lakini haikomi. Reli haitasikia kitu. Paipu ya milimita 1.2, ikiliwa nje na ndani kwa pamoja, haifiki mbali.

Na unene huo hauonekani kwa macho. Paipu ya 50 kwa 50 ni ile ile ukiitazama kwa nje, iwe ya milimita 1.2 au ya milimita 2. Njia rahisi ya kujua ni mizani. Urefu wa mita 6 wa paipu hiyo ukiwa wa milimita 1.2 una karibu kilo 11. Ukiwa wa milimita 2 una karibu kilo 18. Muuzaji akikwambia “hii nene, bosi”, omba ipimwe, au nenda na kalipa yako (kifaa cha kupimia unene) uipime kwenye ncha iliyokatwa. Mimi sikupima. Nilihesabu idadi ya paipu na nikaona zimetimia.

“Ni galvanaizi, haishiki kutu”

Galvanaizi ni chuma kilichovikwa zinki. Zinki ni mlinzi anayekubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Ikiisha, ulinzi umeisha. Kwa hiyo cha kuuliza ni zinki ngapi. Bati lililoandikwa Z275 lina gramu 275 za zinki kwa mita moja ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, sawa na mikroni 20 hivi kila upande. La Z100 lina mikroni 7. Kwenye mazingira makali ya chumvi, zinki hupungua kwa mikroni 4 hadi 8 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: la kwanza lina miaka michache, la pili halimalizi miaka miwili bila kufika kwenye chuma. Bara, kwenye hewa kavu, zinki haifikishi hata mikroni moja kwa mwaka, ndiyo maana bati lile lile linaweza kukaa miongo huko na likamwaibisha mtu huku.

Wengi huchanganya hili na geji. Geji ni unene wa bati (geji 30 ni jembamba kuliko geji 28), na haisemi lolote kuhusu zinki iliyo juu yake. Mabati mawili ya geji moja yanaweza kuwa na kinga tofauti kabisa, na la bei ya chini huwa limepunguziwa pale usipopaona.

Halafu inakuja mashine ya kuchomelea. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma chenyewe kinahitaji karibu nyuzi 1500 kuyeyuka. Ule moshi mweupe unaopanda fundi anapounga paipu ya galvanaizi ni zinki yako inayoondoka. Kila kiungo, yaani pale hasa mzigo unapopita, kinabaki uchi. Kinatakiwa kikwanguliwe lile ganda jeusi, kisuguliwe hadi chuma king'ae, kisha kipakwe rangi yenye zinki nyingi kabla ya rangi nyingine yoyote. Kwa mama yangu viungo vilipakwa rangi ya fedha inayometa kama zinki. Inametameta tu, haina kinga hiyo.

Na moshi ule ndio unaowapa mafundi homa ya usiku, baridi na kutetemeka. Vijana wengi hunywa maziwa wakiamini yanauzuia. Maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni. Kama unawajali waliokujengea, wape nafasi ya kukwangua zinki kwanza pale wanapounga, na wafanye kazi mahali penye upepo, wakae upande unakotoka.

“Pakaa rangi ya mafuta, umemaliza”

Rangi hushika kile ilichokikuta. Paipu nyeusi, yaani zisizo na zinki, zinatoka dukani na mafuta ya kiwandani juu yake, na chuma kingi huja na magamba ya samawati-nyeusi yanayobanduka baadaye. Zikilala nje siku tatu kwenye upepo wa bahari zinaongeza chumvi. Rangi ikipakwa juu ya hayo yote inashika uchafu, na uchafu ukiachia, nayo inaachia. Kabla ya brashi ya rangi inatangulia brashi ya waya, msasa, kitambaa chenye tina ya kutoa mafuta, na maji safi ya kuondoa chumvi.

Redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kutangulizia, inaaminiwa kupita uwezo wake. Wekundu wake ni oksaidi ya chuma ambayo haizuii kutu kwa kemia yoyote, kazi yake ni kuziba tu. Ikizimuliwa na petroli ili kopo moja litoshe nyumba nzima, hata kuziba haizibi. Mkono mmoja wa rangi nyepesi ni mikroni 30 au 40. Vyuma vya ufukweni vilivyokusudiwa kudumu hupewa praima (rangi ya kwanza) yenye kinga, kisha mikono kadhaa, hadi jumla ipite mikroni 200.

Jambo moja dogo linaloharibu mengi: kukata mabati ya rangi kwa grinda. Cheche zinaunguza rangi ya ukingo, na chembe zake za moto zinajipachika juu ya bati lenyewe. Baada ya wiki unaona vidoa vyekundu paa zima na unamlaumu aliyeuza. Mkasi wa bati unatosha.

“Adui ni mvua”

Hili mwenyewe niliamini hadi nilipopanda ngazi. Uso wa nyumba unaopigwa na masika ulikuwa mzima. Kutu ilikuwa chini ya upenu, nyuma ya mabomba ya mvua, kwenye paipu za baraza ambazo tone la mvua halizifikii hata siku moja. Sababu ni chumvi. Upepo unaileta kila mahali, mvua inaiosha pale inapofika, na pale isipofika chumvi inarundikana. Usiku chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewa, na chuma kinalala kimelowa hata wakati wa kiangazi. Pitisha kidole chini ya upenu wa nyumba ya pwani kisha ukirambe, utajua.

Kwa hiyo sehemu zilizojificha zinahitaji kuoshwa kwa mkono, mpira na sabuni kidogo, mara mbili tatu kwa mwaka. Kwa maji yasiyo na chumvi, maana visima vingi vya pwani vina chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuongeza tatizo.

“Nguzo ikizikwa kwenye zege iko salama”

Sehemu iliyofunikwa kabisa na zege nzuri kweli inalindwa, kwa sababu saruji hukizungushia chuma mazingira ya ualkali mkali. Hatari iko kwenye mstari pale nguzo inapotoka. Zege ikikauka hujibana, inaacha ufa mwembamba kama uzi kuizunguka nguzo. Fundi akisawazisha sakafu kwa mwiko, mara nyingi anaacha kijibakuli pale shingoni. Maji ya deki, maji ya mvua, sabuni ya kufulia, vyote vinalala hapo. Kama mchanga ulichotwa ufukweni, chumvi imo ndani ya zege yenyewe na hata ule ulinzi wa saruji unavunjika.

Nguzo yetu ilikuwa na kosa la pili. Juu ilikuwa wazi, haikuzibwa kifuniko, na misumari ya paa ilikuwa imeitoboa. Maji yakaingia kwa juu, yakashuka ndani ya paipu, yakafika kwenye zege na kukosa pa kutokea. Yale maji ya rangi ya chai yalikuwa humo kwa misimu kadhaa. Kwa nje tulikuwa tukipaka rangi kila Desemba.

“Kutu kidogo, ipige rangi juu”

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi. Ndiyo maana rangi inavimba, na ndiyo maana kuipaka juu ni kuipa blanketi. Gonga kwa nyundo ndogo kabla ya kuamua. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti butu. Kama kinatoboka, hakuna rangi ya kukiponya, kinakatwa.

“Ni shida ya watu wa pwani”

Kwa kiasi kikubwa ndiyo. Lakini bafu lisilo na dirisha, jiko la mkaa chini ya bati, na banda la kuku lenye mbolea mbichi hula chuma hata Iringa.

“Fundi alituibia”

Nilisema hivyo kwa miezi. Leo nasema nusu yake. Aliyetujengea alitoa bei ya kwanza yenye paipu za milimita 2, praima na mikono miwili ya rangi. Sisi tukaishusha, tukaishusha tena, tukafurahi alipokubali. Hakutuambia amepunguza nini, na hilo ni kosa lake. Hatukumuuliza, na hilo ni letu. Bei ikishuka bila mtu kutaja kilichoondolewa, kimeondolewa kinga, maana ndicho kitu pekee ambacho siku ya kukabidhiwa funguo hakionekani.

Kama fedha ni kidogo, na kwa wengi wetu ni kidogo, mimi ningepunguza vyumba kabla ya kupunguza unene wa nguzo. Dari na marumaru vinaweza kusubiri. Nguzo haiwezi kuongezwa zinki ikiwa imeshasimama chini ya paa.

Tulitegemeza paa kwa jeki na magogo, tukakata sentimita 60 za chini za nguzo zote sita. Nne zilikuwa zimeoza, mbili zilikuwa njiani. Mahali pake pakajengwa vikuta vya zege vya sentimita 15 juu ya sakafu, vimeinamishwa pande zote maji yakimbie, na vipande vipya vya nguzo, vya milimita 3, vimekaa juu yake kwa pleti na boliti. Juu nguzo zimezibwa. Chini kila moja ina tundu la kutolea maji, upana wa penseli. Masika iliyopita mama alinipigia simu kuniambia tundu la nguzo ya kona limetoa maji. Nikapanda ngazi, nikakuta silikoni ya kifuniko imepasuka, nikaibandika upya kabla ya magharibi.