Kabla ya kuuliza mtoto kawa wa ngapi

Shule zikifungwa hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, mzazi akishika ripoti huangalia kwanza nafasi: mtoto kawa wa ngapi? Nafasi ina kazi yake, ila inaeleza machache. Mtoto anaweza kuwa wa tano na bado hajui kutoa kwa kukopa.

Chukua swali hili la darasani: muuzaji alikuwa na machungwa 52 ya Muheza, akauza 27, yamebaki mangapi? Mtoto mmoja kaandika 35, mwenzake 24. Wote wamekosa, lakini hebu fungua madaftari. Wa kwanza ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza: 7 toa 2 ni 5, 5 toa 2 ni 3. Kukopa hajakuelewa kabisa. Afundishwe upya, kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Wa pili amekopa vizuri, akateleza kwenye 12 toa 7. Huyo anahitaji mazoezi tu. Mwalimu akiwawekea wote kosa na kuendelea na mada mpya, hakuna aliyesaidiwa.

Kuchungua huku kwa kila siku, kwa maswali ya mdomo, kazi za daftarini na majaribio mafupi, ndiko upimaji endelevu. Lengo lake ni kurekebisha ufundishaji mapema. Upo pia upimaji wa awali, wa kujua watoto wanaanzia wapi kabla ya mada. Upimaji tamati huja mwishoni: mtihani wa muhula, au ule wa Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973. Huo wa Baraza huamua nani apate cheti, nani achaguliwe kuendelea.

Azimio la Musoma la 1974, uamuzi wa chama cha TANU kuhusu elimu, lilitaka mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho pekee, na kwa watahiniwa wa shule wa kidato cha nne, alama za maendeleo, yaani za kazi na majaribio ya shuleni, huchangia asilimia 30 ya alama za mwisho. Kwa hiyo inaniuma jaribio la wiki linapofanywa la kukusanya alama tu, daftari likarudi na vema na kosa bila neno lolote la mwalimu.

Najua madarasa yamejaa. Basi mwalimu achague madaftari machache kila siku, na amuulize mtoto, "Umepataje jibu hili?" Na wewe mzazi, kwenye kikao, omba kuona daftari, kisha uliza mwanao anakwama wapi na nyumbani umsaidieje.