Seva inafanya kazi, lakini kerneli yake bado inapata viraka, yaani marekebisho ya usalama?

Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, kusoma diski na kupokea kila kinachoingia kutoka kwenye mtandao. Atakayeipenya amepata mashine nzima, hata kama nywila zenu ni imara kiasi gani. WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia ya Mei 2017, ilipita kwenye tundu la namna hiyo katika Windows. Kiraka kilikuwa kimetolewa tangu Machi, lakini Windows XP, ambayo muda wake wa kupewa viraka ulishakwisha, ilipata chake baada ya madhara kutokea.

Kwa maafisa TEHAMA wa Dodoma, kuanzia Mtumba hadi halmashauri za Bahi na Mpwapwa, jambo la kwanza ni tarehe ya mwisho ya kupata viraka. CentOS 7, aina mojawapo ya Linux, iliisha tarehe 30 Juni 2024, siku ileile tunayofunga mwaka wa fedha. Windows Server 2012 R2 iliisha 10 Oktoba 2023, na Windows 10 ikafuata 14 Oktoba 2025. Windows Server 2016 inaisha 12 Januari 2027, katikati ya mwaka wa fedha 2026/27, kwa hiyo fedha za kuibadilisha lazima ziwe kwenye bajeti ya mwaka huo. Mkataba wa matengenezo na aliyewauzia seva hausogezi tarehe hizi hata siku moja. Yeye atabadilisha diski au pawasaplai, lakini viraka vya kerneli hutoka kwa mwenye mfumo endeshi.

Kwenye Linux, andika `uname -r` uone toleo la kerneli inayotumika, kisha `cat /etc/os-release` uone jina na toleo la mfumo. Soma majibu yote mawili pamoja, maana namba ya kerneli peke yake hupotosha. CentOS 7 huonyesha 3.10, toleo la mwaka 2013, lakini Red Hat, kampuni ambayo Linux yake ndiyo chimbuko la CentOS 7, iliendelea kupachika marekebisho mapya ndani ya toleo hilo la zamani kwa miaka mingi. Vivyo hivyo kerneli 5.4: wasimamizi wa Linux wenyewe waliifunga Desemba 2025, ila Ubuntu 20.04 yenye usajili wa Ubuntu Pro inaendelea kuipata ikiwa na viraka hadi 2030. Cha kujua ni nani anayekuletea viraka, na hadi lini.

Kuna kosa linalojirudia sana: kiraka kimepakuliwa, lakini seva haijawashwa upya, kwa hiyo bado inatumia kerneli ya zamani. Linganisha `uname -r` na orodha ya kerneli zilizosakinishwa inayotolewa na `rpm -q kernel` kwa CentOS, au `dpkg -l 'linux-image*'` kwa Ubuntu. Angalia pia `df -h /boot`, inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye sehemu ya diski inayohifadhi kerneli. Sehemu hiyo ikijaa kerneli kuukuu, masasisho hukwama bila mtu kugundua. Usifute mafaili kwa mkono. Kwa Ubuntu tumia `apt autoremove --purge`, na bakiza kerneli moja ya nyuma ili mpya ikigoma uichague ile ya nyuma kwenye GRUB, menyu inayotokea seva inapowaka. Kwa seva iliyoko mbali, tuseme Kondoa, hakikisha kuna mtu mbele ya skrini kabla ya kuiwasha upya.

Kabla ya kuhamia mfumo mpya, chukua nakala rudufu na ujaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijajaribiwa usiihesabu. Kisha washa seva kwa flashi ya mfumo mpya bila kusakinisha, uandike `lsblk` uone kama diski zinatambuliwa. Familia ya RHEL 8 (Linux ya Red Hat na zinazotokana nayo) iliondoa draiva za kadi kadhaa za zamani za RAID, zinazounganisha diski kadhaa pamoja, na hapo diski hazionekani kabisa. AlmaLinux 9, inayotokana na RHEL 9, nayo inadai prosesa yenye SSE4.2, seti ya maelekezo ambayo prosesa za zamani hazina, hivyo tafuta `sse4_2` ndani ya `/proc/cpuinfo`.

Seva isiyoweza kuhamishwa kwa sasa itolewe kwenye intaneti, iwekwe kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa na mwingine), na ifunguliwe milango (ports) ile tu ambayo programu yake inahitaji. Tarehe ya kuizima iandikwe kwenye rejista ya vifaa pamoja na jina la anayewajibika.